Ushahidi Kabla ya Jumamosi

Jumatatu, 3 Machi
Nimekamua ng'ombe, nimeoga, nimefika kortini na tope la Kapseret viatuni. Kesi ya mteja wangu Kiprono dhidi ya gereza imeahirishwa tena. Mara ya tatu. Wakili wa serikali anasema mtaalamu wao ana shughuli. Tumepewa Julai.

Kiprono ni mfungwa. Walikuwa wakipaka ukuta wa gereza chokaa, ikamwingia jichoni. Aliomba hospitali, akapelekwa baada ya wiki nzima. Jicho la kushoto limekufa. Aliiba, akafungwa, sawa. Jicho halikuwa sehemu ya hukumu.

Jioni. Daktari Wanjiru amepiga simu. Yeye ndiye aliyemtibu Kiprono. Bila yeye sina kesi. Jumamosi anaenda ng'ambo kusoma. Miaka miwili. Nimekaa jikoni na hasira. Hawa watu wa serikali walijua.

Jumanne, 4 Machi
Nimepeleka ombi la dharura: Daktari asikizwe kwanza, kabla ya mashahidi wengine. Wao wamepinga kila neno. Wameshindwa. Jaji ametupa Alhamisi asubuhi.

Alhamisi asubuhi Daktari ana upasuaji! Nimempigia nikijua atakataa.

"Wagonjwa nitawaanza alfajiri," akasema. "Nitakuja."

Nimepiga kelele peke yangu garini.

Alhamisi, 6 Machi
Siku gani hii.

Daktari amefika, macho mekundu kwa usingizi. Kiprono hayupo. Gereza linasema gari limeharibika. Wakili wa serikali akasimama, uso umemnawiri: mdai hayupo, tuahirishe.

Nikasimama pia. Mheshimiwa, hii si kesi ya jinai. Mdai ana wakili, na gereza lina kamera. Wapigiwe.

Uso wa Kiprono ukatokea kwenye skrini. Jaji akamuuliza kama angependa kungoja siku ataletwa.

"Mheshimiwa, Daktari aongee tu. Masikio wameniachia."

Tukaendelea.

Wakili wa serikali alimbana Daktari karibu asubuhi yote. Mwisho akauliza kwa dharau: gereza lingefanya nini, na halina daktari wa macho?

"Maji," akasema Daktari. "Ya mfereji. Mengi, hapo hapo. Halafu hospitali siku hiyo hiyo. Jicho lingepona."

Wakili akakaa. Mimi nilikuwa nauma mdomo nisicheke.

Ijumaa, 30 Mei
Tumeshinda! Jaji aliisogeza mbele ile tarehe ya Julai, mashahidi wengine wakamalizika Aprili. Leo jaji amesoma hukumu, na karibu kila ukurasa ni maneno ya Daktari. Kiprono atalipwa fidia. Na kuna amri: mfungwa akiumia, hospitali siku hiyo hiyo.

Mama yake Kiprono alitoka kwao, mji wa Ziwa, mapema kuja kusikiza. Akapiga kigelegele humo ndani. Karani akamnyamazisha. Akatoka, akapiga kingine kwenye ngazi. Nami nikapiga, na gauni langu la uwakili mwilini. Watu wakatuangalia. Waangalie.

Jumanne, 10 Juni
Nimeenda gerezani na karatasi za kutiwa sahihi. Mvua nyepesi. Kiprono amekonda kidogo, lakini ametulia. Fidia hakuiulizia.

Amenieleza tu kwamba jana asubuhi mfungwa mwenzake alijikata mguu na jembe. Kiprono alikuwa hapo, akaona yote. Askari waliita gari bila kusukumwa na mtu.

Mwenzake alipoondoka kwenda hospitali, uji wake ulikuwa bado moto.