Yule Anayepunga Mkono Kigwena

Baba Zuhura,

Nakuandikia nikiwa na hasira, nikuambie mapema. Matanga yalipoisha watu waliniambia nilie yaishe. Nimelia, hayajaisha. Kuna neno limenikaa kooni, na wewe ndiye wa kuambiwa, maana lilitoka kinywani mwako.

Unaikumbuka hadithi yako ya kona ya Kigwena, pale michikichi inapokutana na msitu. Mwanamke wa kitenge cha njano anapunga mkono, gari likisimama anapanda nyuma kimya, na mkifika Rumonge ukigeuka humkuti, kiti kimelowa tu. Uliirithi kwa mjomba wako, lakini mtoto wa mgongoni ulimuongeza wewe. Nilikuwepo. Nilikuwa nakaanga ndagala, dagaa wa ziwani, Zuhura amelala mgongoni kwangu, ukatutazama ukacheka. Kesho yake nikasikia parkingi, kwenye teksi, kwamba yule mama ana mtoto asiyelia. Nikakuambia siku moja uongo wako utakuja kula kwetu. Ukasema, "Akuje tu, ndagala iko."

Na ulivyopenda kumalizia! Kila dereva mpya ulimshika bega: "Mwenye anapunga mukono peke yake pale kona, si mutu ile. Usisimame. Ongeza moto." Walicheka, lakini walishika. Jua likishaegemea milima ya Kongo, hakuna gari lililosimama pale tena.

Halafu ukaanguka wewe. Pikipiki yako iliteleza kwenye mawese yaliyomwagika barabarani, mguu ukavunjika, damu ikakutoka, nawe uko peke yako, pale pale. Aliyekuokota ni muuza mkaa wa baiskeli, mtu aliyerudi juzi tu kutoka Tanzania, hakuwa ameisikia hadithi yako. Angeisikia, nadhani naye angepita. Aliniambia ulikuwa bado unaongea. Ulisema, "Magari mingi imepita," basi. Hamkufika hospitali.

Sasa nikupe habari za huku. Esanse ya magari bado ni ya kupanga foleni. Pikipiki ilitengenezwa, anaiendesha mdogo wako, na anaiosha kuliko anavyojiosha mwenyewe. Zuhura ameng'oka meno ya mbele. Na kona imepata mzimu wa pili. Ni wewe.

Wanasema unakaa kando ya lami, umekunja mguu mmoja, unapunga koti la bluu. Watoto wa shule wakamwambia Zuhura. Alirudi nyumbani hakulia. Aliniuliza tu kama tunaweza kwenda kumchukua baba.

Nilikaa chini, mume wangu. Nikakaa chini sakafuni na mwiko mkononi.

Lile koti ulilinunua asubuhi ya siku ile uliyoanguka. Yule wa mkaa alinirudishia limekunjwa, nikalifua mwenyewe, nikalifungia sandukuni. Nani basi alikuona unalipunga, kama si mtu aliyepita ukiwa hai? Nikaanza kuuliza. Kila mmoja alisema ameisikia kwa mwingine, mpaka wote wakaishia kwa Haruna. Haruna wako wa teksi, mliyekula naye Idi sahani moja, aliyetangulia mbele kulibeba jeneza lako.

Nilimfuata kwake. Nikamuuliza, ulimuona lini? Akainama. "Ile ile siku, Mama Zuhura. Nilizani ni ile kitu." Nilimtukana matusi ambayo mama yangu hajui kama ninayajua. Akaniacha nimalize, kisha akasema polepole, "Ni yeye mwenyewe alitufundisha."

Nikatoka nikaenda zangu. Ila nilielewa kwa nini anaisimulia: ukiwa mzimu, basi yeye hakumpita mtu.

Ijumaa nikavaa koti lako nikaenda pale kona, jua likiwa linaelekea kuzama. Nikapunga mkono. Baba Zuhura, sasa najua ulichokiona. Wanakuona vizuri kabisa. Dereva anakaza macho mbele, abiria wanageuza shingo upande wa ziwa, na mmoja alipandisha kioo huku ananitazama. Magari yakapita. Niliogopa, na si mizimu niliyoiogopa. Niliogopa kwamba mimi ni mtu na haisaidii kitu. Wewe ulikaa na hofu hiyo, na mguu umevunjika. Nisamehe, saa ile nilikuwa nakupikia wali.

Haruna hurudi kutoka Nyanza-Lac saa zile. Nililijua gari lake kwa mbali. Akanipita naye. Kisha nikasikia breki huko mbele. Akarudi kinyumenyume taratibu, akashusha kioo kidogo tu.

"Weye ni mutu?"

"Ni mutu, Haruna."

Akanifungulia mlango. Alilia mpaka Rumonge na mimi sikumbembeleza. Sijamsamehe. Wewe pia sijui kama nimekusamehe, usinihimize.

Lakini hadithi yako nimeichukua. Nitaisimulia parkingi mpaka wanichoke, nami nitaimalizia hivi: yule mama wa kitenge ni mtu aliyekosa gari. Akipunga mkono, simama. Na kama si mtu, mpandishe vilevile, kiti kitakauka. Mtoto wake nimemuacha pale pale mgongoni, ila sasa analia, ili wamsikie.

Jana usiku Zuhura aliuliza tena, na baba je, bado anapunga mkono? Nikamwambia baba ameshapata gari, ameshafika. Akalala.

Kwaheri, mume wangu. Usinifanye muongo kwa mtoto. Toka pale kona.

Mama Zuhura