Mufereji ya Avenyu Yetu

Baba Ilunga,

Weye kweli iko na haya? Tangu tulikuzika, ulikuya mu ndoto mara moja tu! Ukasimama pa mulango na kofia mukononi kama mutu mwenye kutafuta kazi, ukaangalia, ukaenda. Jirani yetu Mama Kapinga, bwana yake alikufa kabla yako, na anakuyaka kwake mu ndoto kila mara, banabishana mupaka asubui. Weye unakawia wapi? Minye ninalalaka upande ya ukuta. Upande yako iko wazi.

Mwenye kuandika ni muke ya mutoto yetu Ilunga. Minye ninasema, yeye anaandika. Nimemukataza kupendezesha maneno.

Nyumba imenyamaza. Nikisema serikali ni mugeni mwenye kula bule, bajukuu banajibu: "Ndiyo, Nkambo." Nikigeuza maneno, bado "Ndiyo, Nkambo." Hakuna mwenye kupiga meza na kulalamika: "Mama Ilunga, unakosa!" Weye uliipiga mupaka muguu yake moja ikalegea.

Sababu ulifanya kazi Koni, kwenye banatengeneza umeme, ulisemaka waya moja inapitia batu bote, hakuna mwenye kuivuta peke yake, njo maana serikali iko. Minye nilikujibu: waya inapita juu ya kichwa yetu, na sisi tunapikia makaa! Serikali ikamate bezi, itengeneze njia, ilete maji, kisha ikae inje ya lupango yangu, kiwanja yangu na nyumba. Hapa ndani mutu anajitawala. Nilisema kwa sauti kubwa, avenyu muzima ikasikia.

Sasa sikia. Weye ulikuwa shefu, mukubwa ya avenyu; tangu ulikufa, haina mwengine. Serikali ya komini haijatuma mutu. Papa Kasongo, mwenye mashini ya kusaga bunga, kule juu, amejaza mufereji mawe na udongo mbele ya lupango yake, ili bakliya, bateja yake, bapite na baiskeli. Mvua ikanyesha, maji ikakosa njia, ikaingia kwa Mama Kapinga. Nilimukuta amesimama juu ya kitanda, mufuko ya bunga kichwani, anaimba ili asilie. Ukuta ya jikoni imepasuka. Mvua moja tena, itaanguka.

Nikapanda kwa Kasongo. Unajua kinywa yangu. Yeye akacheka tu: "Mama Ilunga, si weye unasemaka kila mutu anajitawala mu lupango yake? Minye najitawala."

Baba Ilunga, alinipiga na maneno yangu mwenyewe. Minye! Nikashuka avenyu. Nilitamani unicheke. Nyumbani hakuna mwenye alinicheka.

Jibu ilikuya kesho yake, nikisonga bukari ya mahindi. Lupango ni ya Kasongo. Maji si yake. Mufereji ni ya bale bote banakaa chini. Ungesema: "Njo ile nilikuambiaka!" Hapana. Weye ulitaka serikali ikuwe baba. Baba yangu alikufa, na mwengine sitamupigia magoti. Ninataka mutu ya kufungua mufereji na kurudi kwake.

Jana bamama ya avenyu balikuya, Mama Kapinga mbele. Banataka nikamate fasi yako, nikuwe shefu. Nikabauliza: "Shefu mwenye hajui kusoma?" Mama Kapinga akasema: "Maji nayo inajua kusoma?" Nikacheka mupaka nikakaa chini. Jumapili, misa ikiisha, nitabajibu mbele ya batu bote. Kasongo naye atakuwa pale.

Nitakubali. Siku ya kwanza tutashika majembe, na Kasongo atashika ya kwake, ama tutachimba tukimuimba jina mupaka aone haya. Lakini ninakuahidi: sitaingia kwa mutu kuuliza nani analala pale, anasali wapi, anapigia nani kura. Kuku ya mutu sitapokea. Siku nitaanza kupenda kuitwa Shefu, nitaacha.

Ninaogopa, bwana yangu. Si Kasongo. Ninaogopa nitakosea siku moja, na bote bataitika. Mutu mwenye ananipenda na kunikatalia, nilikuwa naye moja tu, na tulimuzika.

Lala muzuri. Kuya tena kabla ya Jumapili. Usianze na salamu. Anza pale ninakosea, na useme kwa nguvu.

Mama Ilunga