Eliya Maige, Uliyetungoja Tuketi

Mwaka mzima umepita, Eliya wetu, tangu asubuhi ile ya tarehe 19 Mei 2020 ulipotuacha hapa Didia, ukiwa na miaka ishirini na mbili, mwaka wa pili wa uhandisi.

Nyumba imekuwa kubwa. Mama yako bado anapima unga wa ugali wa watu watano, kisha anakumbuka, anarudisha kikombe kimoja kwenye ndoo. Hatumsemeshi akifanya hivyo.

Ulikuwa unacheka kabla hujamaliza kisa chako mwenyewe, tukabaki hatujui kilichotokea. Sukari ulikuwa unamwaga kwenye chai kana kwamba tunailima. Likizo moja ulikwenda Maganzo kutafuta almasi, ukachekecha mchanga juma zima, ukarudi na malengelenge tu, ukajiita mchimbaji mpaka baba akakuomba uache. Watoto wa jirani uliwafundisha hesabu bila kudai hata muhindi wa kuchoma.

Chuo kilipofungwa kwa ajili ya korona, ulirudi kutoka Dar es Salaam na begi moja. Watu walikuwa na hofu, na sisi pia. Baba akakupa chumba cha uani, kile cha kuwekea pamba, ukae siku kumi na nne. Chakula tulikuwekea kwenye kigoda mlangoni. Siku zile ziliisha, hukutoka, na hakuna aliyekuja kukutoa. Tulisema, "Mwacheni msomi asome."

Kila asubuhi mama alisimama mbali, akaita, "Eliya, mhola?"

"Mhola duhu, mayu," ukajibu. Salama tu, mama. Naye akaenda zake kuvuna pamba.

Hapo ndipo tulipokosea, na tunaliandika ili lisomwe. Kwetu hata mwenye msiba hujibu salama kwanza. Taabu yake huitoa baadaye, aliyemjia akishaketi na kunywa maji. Wewe ulijibu kama ulivyolelewa, ukangoja mtu aketi. Kwa wiki nane hakuketi mtu. Ulikuwa mpweke hatua ishirini kutoka jiko la mama yako, na sisi tulikuwa tunapita.

Herman, mwenzako wa bweni, alitueleza msibani kwamba ulikuwa ukimwandikia kuwa hulali, huoni mbele, na hujui utamwambia nini baba masomo yakipotea. Chuo kilifunguliwa siku kumi na tatu baada ya wewe kutuacha.

Watu tuliwaambia ni malaria. Haikuwa malaria. Ulijitoa uhai, Eliya, na tumechoka kukuficha chini ya uongo huo. Muuguzi wa zahanati ametueleza kwamba ulikuwa mgonjwa wa sonona, na ugonjwa ule una tiba mtu akiwahiwa. Hatuna hasira nawe hata kidogo. Tunaumia tu, tena sana.

Mdogo wako Vumilia anaanza chuo Oktoba. Baba alitaka kumzuia, kwa woga. Sasa kila jioni anachukua kiti, anaketi naye, na akiambiwa "sijambo, baba" haondoki. Anangoja. Wiki iliyopita Vumilia alilia mbele yake kwa mara ya kwanza, na baba akashukuru Mungu kwa machozi yale.

Kwenye mnada, watu kwa huruma walianza kumwita mama yako kwa jina la mdogo wako, wasimtoneshe kidonda. Haitiki. Juzi muuza nyanya akamwuliza, "Mama Vumilia, mbona nakuita unanyamaza?"

"Mimi ni Mama Eliya," akasema. "Nilimzaa, na sijaacha kuwa mama yake."

Yule muuza nyanya akaweka mizani chini, akasema, "Pole, Mama Eliya. Alikuwa mtoto wa namna gani?" Mwaka mzima hakuna aliyekuwa amemwuliza. Mama alirudi nyumbani jua limezama, nyanya amezisahau kule kule.

Wanaokukumbuka ni baba yako, Mzee Maige. Wadogo zako, Vumilia na Boaz. Bibi yako Asteria wa Kishapu. Rafiki yako Herman. Na aliyetaka aandikwe wa mwisho, hivi anavyoitwa: Mama Eliya.

Maadamu tupo hai, utatajwa kwa jina lako.