Utumbo Niliouosha Mno

Shikamoo Mama,

Natumaini goti lako limepata nafuu na mdogo wangu Saidi haendi tena ziwani bila ruhusa. Mimi mwili ni mzima. Hapa Tabora vumbi limezidi, lakini tunakula.

Mjomba alifika shuleni Jumamosi, treni anayofanyia kazi ilipopumzika hapa. Aliniita pembeni, akaniambia Bibi amefariki na mmekwisha kumzika. Nikasema, "Ndiyo, Mjomba." Akanitazama. "Mama yako anauliza kama utakuja Ujiji kwa arobaini." Nikasema tena, "Ndiyo," lakini sikuwa nikijibu swali. Alipoondoka nilikwenda jikoni, maana ilikuwa zamu yangu.

Siku hiyo tulichinja mbuzi wa mradi wetu wa kujitegemea. Mwalimu wa biolojia alinituma nimletee kipande cha utumbo, tukitazame kwa hadubini. Nilikipindua, nikakisugua kwa chumvi na majivu, nikakimwagia maji moto, nikakikwangua kwa kisu mpaka kikawa cheupe, kama Bibi alivyonifundisha. Mwalimu alipokiona alishika kichwa.

"Zuhura! Nimekutuma somo, umeniletea supu!"

"Nimekiosha, Mwalimu."

"Umeliosha na somo lenyewe. Seli zote zilikuwa kwenye ule utelezi uliomwaga!"

Kalunde, rafiki yangu wa Urambo, akapaza sauti kutoka nyuma: "Mwacheni, mwenzenu anafungua mgahawa!" Darasa zima likacheka. Na mimi nilicheka, Mama. Hilo ndilo linalonitisha.

Tulipata kipande kingine, hakijaoshwa. Mwalimu akaeleza kwamba kila seli ya ukuta wa utumbo ina pande mbili, mmoja umeelekea chakula, mwingine damu. Ndani yake mna vifuko vya vimeng'enya vikali vinavyoyeyusha vitu vyake vilivyochakaa. Vingi hubaki humo, vingine seli huvitoa nje, tena huchagua vitokee upande gani. Nikanyoosha mkono, mimi nisiyenyoosha.

"Inajuaje kipi kibaki na kipi kitoke?"

"Hilo bado linatafutwa," akasema.

Sijalia, Mama. Tangu Jumamosi nakula, nalala, nafanya hesabu zangu. Naogopa kuja kukaa mkekani na shangazi zangu nikiwa na macho makavu, watu waseme shule imenikausha. Ndiyo maana sikumjibu Mjomba sawasawa.

Sasa najibu. Mwalimu mkuu ameniruhusu, nitakuja na treni ya Mjomba. Ila msinikalishe mkekani. Mtakapochinja, mtu yeyote asiguse utumbo. Wekeni karai uani, na chumvi, na kile kisu kifupi cha Bibi, mniachie.

Nisalimie Saidi, na jirani yetu mshona kofia, na Shangazi mkubwa aliyemwosha Bibi. Muulize kama maji yalikuwa ya vuguvugu. Bibi hakupenda baridi.

Mwanao,
Zuhura