Napumzika, Basi Nikabebe Kabati?

Mpendwa mshauri,

Nakuandikia nikiwa kwenye kiti cha wateja cha saluni yangu, mguu nimeupandisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, umefungwa bendeji mpaka juu ya kifundo, na mguu wenyewe ni mzima kama wako, na hilo ndilo linalonifanya nikuombe unisaidie kabla ya Jumapili, maana nimejipalia makaa na kila nikijaribu kuyazima ndiyo kwanza yanawaka.

Mimi ni msusi, nimeolewa, mume wangu ni fundi wa friji, na huu ni mwaka wa pili najiandikisha kwenye yale mashindano ya kuogelea, kuendesha baiskeli na kukimbia, yote kwa mpigo mmoja, wanayaita triathloni. Tafadhali usicheke. Nilijifunza kuogelea ukubwani, pamoja na watoto wa darasa la kwanza waliokuwa wakinionyesha namna ya kupuliza mapovu, nikavumilia mpaka nikajua. Mwaka jana nilimaliza maji, nikamaliza baiskeli, nikafika kwenye kukimbia jua la saa sita likiwa limesimama utosini, nikaanguka. Nilizindukia kwenye hema la madaktari nina dripu mkononi, na mume wangu kakaa pembeni ananipepea kwa kipande cha boksi huku midomo inamtetemeka. Kocha alipouliza wiki ile ya mwisho nilikuwa nafanya nini nikamwambia nilisuka watu, nimesimama, mpaka Jumamosi usiku, akasema basi si jua peke yake lililoniangusha, uchovu nilikuja nao mwenyewe kutoka nyumbani.

Kwa hiyo mwaka huu nikasema sirudii. Wiki ya mwisho unapunguza mazoezi ili mwili ujirudishie nguvu, unakimbia kidogo, unaogelea kidogo, unakunywa maji, unalala mapema, unakaa kivulini, hasa safari hii ambapo joto limekuja kali kuliko mwaka jana na hata kuta za chumba chetu usiku zinatoa moto. Wateja wa wiki hii nimewasogeza mbele, wakanung'unika, nikawabembeleza, saluni nakwenda kukaa na kuuza mafuta ya nywele tu. Nyumbani nikatangaza kwa mdomo wangu kwamba wiki hii napumzika, na mshauri, kama nilikosea popote basi ni hapo, ingawa mpaka leo sijaelewa kosa lenyewe ni lipi.

Jioni ya siku hiyohiyo wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, akapiga simu kwamba Jumamosi anahama, anatoka nyumba ya chini anakwenda kwenye ghorofa ya tatu isiyokuwa na lifti, na anatafuta watu wa kumsaidia kubeba. Mume wangu siku za joto ndipo kazi zinapomjaa kwa sababu friji za watu zinakufa ovyo, akamwambia yeye hataweza, mimi nipo palepale namenya viazi, halafu akasema, "Mchukue wifi yako. Wiki hii yupo yupo tu."

Yupo yupo tu! Nilikata kiazi katikati.

Nilipomwambia kwamba Jumamosi ni siku moja kabla ya mashindano na kwamba mwaka jana alinishuhudia kwa macho yake, akasema kubeba vitu nako ni mazoezi, tena nitakuwa nimeshapasha mwili moto. Wifi naye nilipompigia akasema hivyohivyo, kana kwamba walikaa kikao, akaongeza kwamba ana kabati la milango mitatu ambalo halifunguki vipande na kwamba mwanamichezo kama mimi ndiye hasa aliyekuwa anamtafuta. Mshauri, mume wangu akilala kwenye kochi siku nzima ya Jumapili, mdomo wazi, redio inamwongelesha peke yake, watu wote wa nyumba ile wanatembea kwa vidole na kuambiana kwamba amechoka. Mimi nikikaa chini, ninaonekana kama pikipiki isiyo na abiria, kila mtu ananipungia mkono nimpeleke kwake.

Basi Jumatatu nikarudi kutoka saluni nikichechemea. Nikasema nimeteleza kwenye maji ya kuoshea nywele. Nilidhani nimemaliza, kumbe ndiyo nimeanza. Wifi alisikitika kwa dakika mbili hivi, kisha akasema, "Mguu ndio mbovu, mikono si ipo?" Kesho yake yakaletwa maboksi ya glasi na sahani zake nimfungie moja moja kwa magazeti ya zamani, na samahani kukwambia kwamba kuna bakuli la supu sasa hivi limevaa ukurasa wako. Mama mkwe naye alikuwa ameshakuja jioni ileile ya Jumatatu na mkoba wa nguo kuniuguza, na kila jioni ananikanda kifundo kwa mafuta ya moto, na ana mikono huyo mama, jana nimeanza kuhisi kinauma kweli. Yale mazoezi madogo aliyonipa kocha nayafanya kwa kuiba, nafungua bendeji chooni saluni, nazunguka mtaa wa nyuma mbio, narudi nafunga. Jumanne nilifunga kwa haraka nikaja kugundua kitandani kwamba nimefunga mguu mwingine kabisa. Mama mkwe alikuwa ameshaukanda huohuo bila kusema neno, nikamshukuru Mungu kwamba siku hizi macho yake hayaoni vizuri.

Lakini lililonimaliza ni la jana. Mume wangu alikaa ukingoni mwa kitanda, kwa upole kabisa, akaniambia nisihuzunike, mwaka ujao nao upo, na kwamba Ijumaa atampigia kocha mwenyewe ili aniondoe kwenye mashindano. Nikimwambia mguu ni mzima, mimi ni mwongo niliyemsumbua mama yake bure na kumkimbia dada yake, na ukoo ule haujui kusahau. Nikinyamaza, asubuhi zote za mwaka mzima nilizoamka kabla ya jogoo zimekwenda na maji. Nina hasira mpaka naogopa, na sijui kama ni hasira ya kwao au ya kwangu mwenyewe. Niendelee kuchechemea mpaka Jumapili alfajiri halafu niseme nimepona ghafla, au nifanye nini?

Ni mimi, Msusi Anayechechemea

MSHAURI ANAJIBU

Msusi, leo ndiyo Ijumaa yenyewe, kwa hiyo kabla hujaendelea kusoma weka gazeti chini umpigie kocha simu. Mwambie mguu wako ni mzima, unashiriki, na akipigiwa na mtu mwingine yeyote asimsikilize. Ukimaliza rudi hapa, maana bado sijakugombeza. Yule kijana mwenye mchumba asiyeeleweka, ambaye leo ilikuwa zamu yake, nimemwomba angoje. Tatizo lake lina miaka minne, halitaoza kwa wiki moja.

Nimeisoma barua yako nimesimama, na nimeisoma tena kwa sauti mbele ya wenzangu, na ofisi nzima imekukasirikia na kukasirika kwa niaba yako, yote mawili. Nianze na la pili. Mtu mzima anayejiandaa kwenda kushindana na maji, barabara na jua kwa siku moja hawezi kutolewa kwa simu kama ngazi ya kuazima. Hukuulizwa. Ulikuwa palepale, kisu mkononi, na hukuulizwa. Na huyo wifi aliyekuletea sahani wakati anaamini umeumia, mimi sina maneno mazuri ya kumwambia, kwa hiyo nampita.

Sasa wewe. Mdogo wangu, ulikuwa na sababu ya kweli, nzito, inayoeleweka hata na mtoto, ukaiacha ukaenda kutafuta ya uongo. Uchovu ulikuangusha mwaka jana na hutaki ukuangushe tena, sentensi fupi tu. Badala ya kuisema kwa sauti mpaka isikike umejifunga kitambaa. Uliona kwamba kupumzika kwako hakuna mtu atakayekuheshimu mpaka uumie, na kwa bendeji hiyo umewathibitishia kwamba wako sahihi. Kesho dada yake mwingine akihama utavunja nini, shingo?

Halafu kuna hili la mama mkwe, na hapa nimecheka mpaka miwani ikaanguka. Mwanamke amekukanda mguu mmoja Jumatatu, Jumanne umempa wa pili, akaukanda huohuo akanyamaza, nawe unasema macho yake mabovu. Macho yake ni mazima kuliko yako. Amelea watoto, anajua kifundo kilichovimba kinafananaje na kisichovimba. Mama huyo amejua tangu jioni ya kwanza, na hajamwambia mwanawe wala binti yake. Jiulize kwa nini mtu aje na mkoba wa nguo kuuguza mgonjwa asiyeumwa. Mimi nadhani amekuja kukuweka kitandani kwa mikono yake, maana kuuguzwa ndiyo njia pekee ya mapumziko ambayo hata yeye aliruhusiwa enzi zake. Kwa hiyo jioni hii nenda kwake kwanza. Fungua bendeji mbele yake, mwambie, "Mama, nisamehe, sikuumia, nilichoka kuombwa." Usipambe. Nakuhakikishia hatashangaa.

Akiwa upande wako, mwambie mumeo, usoni, kabla hajawasha redio. Ndiyo, utaitwa mwongo. Utaitwa wiki hii, na ukoo utaisimulia kwenye kila mkusanyiko, na mwaka ujao itakuwa imegeuka kichekesho ambacho wewe mwenyewe utakuwa unakisimulia vizuri kuliko wao. Aibu hiyo unaweza kuimudu. Na acha kabisa kusema kwamba unapumzika, neno hilo nyumbani kwenu lina maana ya mtu asiye na kazi. Sema una kazi Jumamosi. Wakiuliza kazi gani, waambie kulala, kunywa maji na kuangalia matairi ya baiskeli, halafu nyamaza. Usieleze mara ya pili. Mtu akieleza mara ya pili wanajua anaomba ruhusa.

Maboksi ya sahani rudisha jioni hii hii, yaliyofungwa na yasiyofungwa. Kabati la milango mitatu wapo watu wanaoishi kwa kazi ya kubeba, wanajua kuligeuza kwenye kona za ngazi bila kukwangua ukuta, na wifi yako anawajua, ila wewe ulikuwa wa bure.

Kuhusu jua nimemuuliza mwenzangu wa dawati la michezo, ambaye amezipiga picha mbio hizo na kuzikimbia mwenyewe. Anasema usijaribu kufidia mazoezi uliyoyakosa wiki hii. Yaliyobaki ni kunyoosha miguu kidogo tu, mapema, kabla jua halijachomoza sawasawa. Kunywa maji siku nzima ya kesho, kidogo kidogo, na chakula chako kiwe na chumvi ya kutosha, usingoje kiu ya Jumapili. Usivae kiatu kipya, usile usichokizoea. Kofia iloweshe kila unapopita meza ya maji. Anza kukimbia taratibu kuliko unavyotamani, hata wakikupita wenye vitambi. Na ukiona jasho limekata, au unasikia baridi kwenye joto lile, au kichwa kinazunguka, simama mara moja uombe msaada. Hapo usiwe shujaa. Hayo kayasikilize na kwa kocha pia, yeye anaujua mwili wako kuliko sisi tunaokaa chini ya feni.

Nimebakiza mtu mmoja. Fundi wa friji, najua unasoma, kwa sababu mkeo ataacha ukurasa huu wazi mezani, na kama hataacha yeye ataacha mama yako. Kukanda hukukanda, kubeba hukutaka kubeba, lakini kumwondoa kwenye mashindano ulikuwa tayari kufanya leo kabla ya chakula cha mchana. Sisemi wewe ni mtu mbaya. Mtu mbaya hapepei mke kwa boksi midomo ikimtetemeka. Ila hofu yako ya mwaka jana umeikalia kimya mwaka mzima, halafu mguu ulipotokea ukaushukuru, si kweli? Mwambie hivyo, kwamba uliogopa. Ni neno zuri kuliko yupo yupo tu. Friji za watu ziache kesho saa nane, ukamsaidie dada yako kulipandisha kabati lake, wewe na hao wabebaji. Jumapili amka naye, ukasimame pale kwenye kukimbia, jua likiwa utosini, na maji ya baridi, maana wewe ndiye fundi wa baridi hapo. Na ukimchosha kwanza, halafu ukaja kumkuta tena chini ya lile hema la madaktari, usiniandikie mimi.