Ndugu Niliyemtaja

Al Warqa, Dubai
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Kaka yangu,

Habari za huko kwenye baridi? Natumaini kikohozi chako cha chaki kimepoa, na kwamba mama ameacha ubishi na sasa anautumia ule mkongojo kutembelea, badala ya kuufanya ufito wa kuanikia nguo. Mimi ni mzima. Nimenenepa kidogo, lakini usimwambie mama, maana ataanza kuuliza kama nimeolewa kisirisiri.

Utashangaa kupata barua ya mkono kutoka kwa mtu anayekutumia sauti za dakika kumi kwenye simu kila siku. Nimempa yule dada wa ulinzi niliyekuwa nakaa naye chumba kimoja International City, kabla sijapata hii kazi ya kulala kwa mwajiri. Anakuja likizo, atakukabidhi wewe mwenyewe. Utaona pia kwamba sijaandika jina la mtu yeyote humu, hata lako. Si maringo. Nimekukosea, kaka, kosa lenyewe ni la jina, na linagusa safari yako ya masomo Marekani. Nisome mpaka mwisho kabla hujakasirika. Ukikasirika katikati utaruka mistari, nakujua.

Unajua kwamba ninamtunza mama yake Madam, mwajiri wangu; ni Mmarekani aliyepita miaka themanini. Namwita Shosho, kama nyanya wa kwetu, na jina ameshalizoea. Asubuhi anajua yuko Dubai, analalamika juu ya joto, na ananitania kwamba chai yangu ni maziwa yaliyoonyeshwa majani kwa mbali. Baada ya chakula cha mchana anaondoka. Hatoki kitini, lakini anaondoka. Anakuwa msichana wa miaka minane katika mji mdogo wa kwao, na baba yake, aliyekuwa mwalimu kama wewe, bado yu hai.

Madam hupenda televisheni ya chumbani kwa Shosho iwe imewashwa, sauti chini, ili asikie lugha ya kwao. Ni habari za Marekani kutwa nzima. Mwanzoni sikuzifuatilia. Kisha nikagundua kwamba Shosho akisema jambo, siku mbili tatu baadaye jambo lile linatokea kwenye skrini. Alisema, "Sasa watawauliza walimu walisema nini darasani," nikamfunika miguu nikidhani ni ugonjwa unaongea. Wiki ileile nikamwona profesa mmoja akieleza mbele ya kamera jinsi alivyopoteza kazi kwa maneno yake ya darasani. Alisema vitabu vitatolewa maktaba, nikaona rafu zinapunguzwa. Alisema, "Wataanza kuwaondoa watu nchini, na wataanza na wale wasio na wa kuwatetea." Hilo sikungoja hata siku mbili. Nikaanza kuogopa kuingia mle ndani na trei saa nane mchana, jua likiwa kali nje.

Nilimwambia Madam. Alicheka kwa uchovu.

"Hatabiri kitu," akasema. "Anakumbuka."

Akanieleza kwamba zamani, baada ya vita vikuu vya pili, nchi yao iliingiwa na hofu ya wakomunisti. Walimu, waigizaji na makarani wa serikali waliitwa mbele ya kamati, na swali kubwa likawa moja: nani mwingine? Aliyetaja wenzake aliachwa. Babu yake Madam alikataa kutaja, akafukuzwa kazi. Haya unayajua kuliko mimi, ulinifundisha wewe jikoni kwetu nikimenya viazi nawe ukijifanya unasaidia. Lakini ni vingine kumenya viazi ukisikia, na vingine kumlisha uji mtu ambaye bado yumo ndani ya siku hizo.

Basi nikamtafsiria ile makala yako ya mwisho. Ile uliyoandika kwamba Marekani imewahi kupita hapa: kuna wakati waliwafukuza wahamiaji kwa makundi, kuna wakati wa vita waliwafungia kambini raia wao wenyewe wenye asili ya Kijapani, kuna wakati huo wa kamati, na kila mara baadaye waliona aibu wakajirekebisha. Nilisoma kwa madaha, maana ni mimi ninayezipandisha makala zako kwenye ule ukurasa wa mtandaoni unaouandikia kwa jina la kubuni, na nakiri huwa najiona mhariri. Shosho alisikiliza hadi mwisho.

"Anasema tulitoka?" akauliza.

"Ndiyo, Shosho. Anasema kila mara mlitoka."

"Nani alitoka? Baba hakutoka. Alitengeneza viatu vya watu mpaka akafa."

Sikukuandikia hayo wakati ule. Niliona nitakuharibia makala.

Siku nyingine walionyeshwa watu waliofunika nyuso wakimkamata mwanamke barabarani, mchana kweupe, wakamwingiza garini. Macho tu ndiyo yaliyoonekana. Shosho alisogea mbele akakunja uso, akasema, "Hawa wanajificha. Wale wa baba walivua kofia na kutusalimu." Nami nikawa nimesimama na kijiko mkononi, nikimwona yule mtu wa babu yetu. Wewe mwenyewe umeandika juu yake: enzi za Hali ya Hatari ya mkoloni, wanaume wote wa kijiji wamechuchumaa uwanjani, na mtu amevikwa gunia lenye matundu mawili anapitishwa mbele yao. Alipomfikia babu, gunia likaitikia kwa kichwa, babu akachukuliwa, basi. Unamkumbuka nyanya yetu sokoni? Alikuwa akimsalimu kila mwanamume wa rika lile huku akimkazia macho, kwa sababu macho ndiyo pekee aliyoyaona. Alikufa akitafuta. Kaka, pale chumbani historia yao na yetu zilikuwa zinanitazama kwa pamoja, na nilitaka kuzima televisheni lakini sikuweza kunyoosha mkono.

Kisha picha za familia zikaanza kugeuka. Unaamka, unakuta zinatazama ukutani, zote za sebuleni. Shosho alisema wakiingia wasijue tunafahamiana na nani. Nikawa nazigeuza, naye anazigeuza tena. Lakini iko moja juu ya ngazi ambayo hata mimi siifikii bila kiti, nayo ikakutwa imegeuka. Madam aliniuliza, nikasema sijui. Niliigeuza mimi. Sikumbuki niliamua saa ngapi. Nakumbuka tu niko juu ya kiti, na picha iko mikononi.

Sasa nakuja kwenye kosa.

Kazi ya Madam hapa inaisha, wanarudi kwao, na akaomba niende nao miezi michache mpaka Shosho azoee. Nilifurahi, nikajiambia tutafika Marekani mwaka mmoja, wewe na mimi, tupige picha kwenye theluji mama azimie. Akanituma Bur Dubai, kwenye ofisi moja ya kujaziwa fomu za viza ya Marekani, kwa karani Mhindi mzee mpole sana. Kiyoyozi kilikuwa kizuri, akaniagizia chai ya karak, ile nzito ya maziwa na viungo, na nikacheka mwenyewe kwa ule ujinga wangu wa kugeuza picha.

"Yalla, sista," akasema. "Kurasa zote za mtandao unazotumia. Wanataka zote."

Nikampa zangu. Nikampa na ule wetu, maana uko kwenye simu yangu na sikutaka kusema uongo. Akalisoma jina lake, akauliza huu ukurasa ni wa nini. Kaka, nilivimba. Nikamwambia makala anaandika ndugu yangu, mwalimu wa historia, watu wengi wanamfuata, na yeye mwenyewe anajiandaa kwenda Marekani kusoma. Akatabasamu, akasema lazima nijivunie. Akauliza jina lako kamili. Nikamtajia herufi kwa herufi, na alipokosea moja nikamsahihisha. Akauliza wewe ni ndugu kabisa? Nikasema ndugu ni ndugu, tumelelewa sahani moja. Akakuandika kwenye mstari wa kaka na dada, na pembeni ya jina la ukurasa wetu akaweka kwamba mwandishi ni wewe. Akabonyeza. "Khalas," akasema, "imekwenda."

Nilirudi na keki. Nikamwambia Shosho nilikuwa nimekwenda kujaza fomu, kuna mzee alinisaidia.

"Alikuwa mpole?" akauliza.

Nikasema sana.

Hapo ndipo aliponisimulia kile ambacho hata Madam alikuwa hakijui. Siku moja mwanamke mpole alikuja kwao, baba hayupo, mama yuko uani. Alimsifu Shosho nywele, akamuuliza nani huwa wanakuja kula nao chakula cha jioni. Naye akawataja wote, kwa vidole, na wale ambao hakujua majina yao akaeleza sura zao. Alijivunia kwamba baba yake ana marafiki wengi. "Baba alikataa kuwataja," akasema. "Aliharibikiwa bure. Nilikuwa nimeshawataja mimi." Alisema hivyo kwa sauti ya asubuhi, ya akili timamu, saa tisa alasiri. Halafu akaomba keki.

Sikulia. Niliosha vyombo vilivyokuwa safi.

Niliitwa dirishani, kwenye ubalozi mdogo wa Marekani, wiki iliyopita. Nilimkuta kijana nadhifu, akanisalimu kwa Kiswahili kizuri cha kujifunzia darasani. Nilidhani ataniuliza juu ya Madam, juu ya mshahara, juu ya kurudi kwangu. Hakuuliza hata moja.

"Ndugu yako hajambo?" akasema.

Nikasema hajambo.

"Nilisoma ile makala ya gunia. Yote. Inatisha."

Alikuwa anatabasamu, kaka, na sina ushahidi kwamba hakuwa anasifu tu. Pengine alikuwa mpenda historia. Lakini nilisikia harufu ya gunia, ile ya vumbi na viazi, mle ndani mwa vioo, na nikajua kwamba kama kuna mtu wa kuitikia kwa kichwa pale, ni mimi, na kwamba nilikuwa nimeshaitikia mara moja.

"Ile niliiandika mimi," nikasema.

"Wewe?"

"Mimi. Zote. Karani alikosea."

Akanitazama kidogo, akachapa. "Hongera. Unaandika vizuri," akasema. "Na huyu kaka?"

"Sina kaka wa jina hilo. Huyo baba yake ni mdogo wake baba yangu."

"Ah," akasema, kwa furaha ya mwanafunzi aliyepata jibu. "Binamu."

Neno hilo, kaka, nimeliona vitabuni tu. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kulitumia, wala siku uliyoletwa kwetu na sanduku lako, ukapewa nusu ya kitanda changu, hakuna aliyelitamka. Nikasema ndiyo, binamu. Akanipa karatasi ya masahihisho niweke sahihi: ukurasa ni wangu, ndugu wa jina hilo sina. Niliweka. Mwandiko ulitoka mzuri kuliko kawaida, na hilo ndilo linalonitisha kuliko macho yote niliyoyaona kwenye skrini.

Pasipoti yangu imerudi juzi bila viza. Madam amesikitika kweli, anaulizia kama kuna rafiki yake wa hapa Al Warqa atakayenichukua. Inshallah atapatikana. Shosho wataondoka naye hivi karibuni, na hajaambiwa kwamba sitakuwepo kwenye ndege. Ukurasa nimeufuta. Makala zako zote zimekwenda nao, nisamehe. Kama una nakala ulizoandika kwa mkono, zitoe pale shuleni.

Nawe nenda kwenye mahojiano yako. Nakusihi usiahirishe kwa ajili yangu. Wakikuuliza juu ya mwanamke wa Dubai anayeandika, sema ni mtoto wa baba yako mkubwa, mnaonana mazishini, humjui vizuri. Jizoeze kulisema mbele ya kioo mpaka litoke bila kujikwaa. Mimi nilifanya bila mazoezi na liliniumiza.

Nisalimie mama, umwambie sijapata nafasi ya kupiga lakini goti lake bovu nalikumbuka. Msalimie shangazi wa dukani, yule mdogo wetu wa mwisho aache kuchezea simu, na mkeo, ambaye asisome barua hii, tafadhali. Ukimaliza itie jikoni, kwenye moto wa kuni, usiichane tu.

Nakupenda, na sijui kama nitapata tena mahali pa kuandika hivyo.

Ni mimi,
binamu yako.