Kontena la Chuma Chakavu

Kaka,

Huku Mama anakohoa lakini anakula. Dada hatoki chumbani tangu tumzike mumewe.

Kontena lako limefika forodhani, mezani kwangu. Umeandikisha chuma chakavu ili ushuru uwe mdogo, nami nimekuta nondo mpya, zilezile zinazovunjika kama biskuti, zilizokatika kazini shemeji akafunikwa na zege. Uliniomba nifumbe macho. Sikubishana, nimezipitisha kama chakavu. Pengine hukujua kwamba chakavu hakitoki getini bila kukatwa vipande. Mafundi wamezikata tangu asubuhi, nami nimesimama palepale.

Njoo uchukue vyuma vyako. Nyumbani usipite kwanza. Dada ameshajua zile nondo za mwanzo zilikuwa za nani.

Mdogo wako,
wa forodhani